Diski ya Picha za Vifua

Kila siku baada ya masomo Nyangi hakwenda moja kwa moja nyumbani. Alipita nyuma ya mashine za kusagia mawe, zile ambazo watu waliziita karasha, akiwa amefunika pua kwa kola ya shati kwa sababu ya vumbi. Kisha alivuka barabara ya bodaboda na kuingia katika kituo kidogo cha afya cha kanisa pale Matongo. Mama yake, Tabitha, alifanya kazi ya mapokezi na usafi hapo. Nyangi alikaa kwenye benchi, akafanya hesabu zake za darasa la saba, akamsubiri mama amalize kupiga deki, ndipo wakarudi nyumbani pamoja kabla giza halijaingia. Dhahabu ilikuwa imeleta watu wengi wasiojulikana miaka ile, na Tabitha hakutaka binti yake mwenye umri wa miaka kumi na mitatu atembee peke yake.

Wagonjwa wengi wa kituo walikuwa wachimbaji wadogo. Walishuka kwenye mashimo yao, yaliyoitwa maduara, wakiwa na afya, na baada ya mwaka mmoja au miwili wengine walipanda wakikohoa. Daktari Olima aliwapeleka katika chumba cha mwisho ukumbini, penye mashine ya eksirei, akawapiga picha za vifua. Mmoja wao alikuwa Waitara, kaka yake Tabitha. Nyangi alimpenda sana mjomba huyu. Alikuwa mcheshi, na ndiye aliyempa zawadi ya flashi ndogo ya bluu yenye nyimbo za kwaya. Mjomba Waitara alikuwa ametumia dawa za kifua kikuu kwa miezi kadhaa, lakini kikohozi hakikuisha.

Mashine ile ya eksirei ilikuwa na kompyuta yake, nzito na ya zamani, iliyokuja nayo ilipotolewa msaada. Picha zote za vifua zilikaa humo. Programu ya kuzifungua nayo ilikuwa humo, na haikukubali kuwekwa kwenye kompyuta mpya. Waliojaribu kuwatafuta waliotengeneza programu hiyo waliambiwa kwamba kampuni yao ilishafungwa.

Basi wiki moja kompyuta hiyo ilianza kutoa sauti tumboni mwake, tik, tik, tik, kama mtu anayegonga dirisha kwa ukucha. Mara kioo kiligeuka bluu, mara kilizima chenyewe. Siku ya Ijumaa Mjomba Waitara alipigwa picha mpya. Daktari alitaka kuiweka kando ya ile ya zamani aone kama madoa kifuani yanapungua au yanaongezeka, maana hapo ndipo angejua kama dawa ibadilishwe. Kabla hajafanya hivyo, kioo kikawa cheusi. Nyangi alimwona Daktari Olima akitoka chumbani akifuta jasho, akamsikia akimwambia mama kwa sauti ya chini kwamba kompyuta ile ikifa, watakuwa wanatibu vifua vya watu wakiwa vipofu. Nyangi hakuwahi kumsikia daktari akiogopa.

Jumamosi asubuhi fundi alifika kutoka Turwa, mjini Tarime. Jina lake lilikuwa Felistas Awino, mwanamke mrefu mwenye begi kubwa mgongoni. Nyangi alimwamkia, "Shikamoo, Anti," naye akaitika na kumruhusu akae karibu atazame, mradi asiguse kitu.

Felistas alipenda kueleza anachofanya. Alisema kwamba kompyuta ile akiiwasha kwa njia ya kawaida, diski yake itahangaika kufungua mambo mengi kwa pamoja na inaweza kufa papo hapo. Kwa hiyo angeiwasha kwa kutumia flashi. Alifungua laptopu yake, akafungua programu maalumu, akachomeka flashi tupu. Kwenye kioo ikatokea orodha ya diski zilizounganishwa. Aliweka kidole juu ya jina la flashi, akalisoma kwa sauti, akahakikisha ukubwa wake, ndipo akabonyeza.

"Programu hii haina huruma," alimwambia Nyangi. "Diski utakayoichagua, inafuta kwanza vyote vilivyomo, halafu inaigeuza kuwa diski ya kuwashia kompyuta. Ndiyo maana nasoma jina kabla sijabonyeza."

Flashi ilipokuwa tayari aliichomeka kwenye kompyuta ya zamani. Safari hii ile kompyuta haikuamsha mambo yake. Ilifuata maagizo ya flashi tu, na kuanza kumimina kila kilichokuwa ndani yake, picha, programu na vyote, kwenye diski nyeusi ya nje ambayo Felistas alikuja nayo. Alieleza kwamba nakala ile yote ingekuwa faili moja kubwa, na faili hilo lingeweza kufunguliwa ndani ya kompyuta mpya likafanya kazi kama kompyuta kamili, bila chuma chake wala diski yake. Aliiita kompyuta pepe.

Kazi iliendelea kutwa nzima. Tik, tik, tik. Kila sauti ile ilipokatika, watu wote chumbani walisubiri, na iliporudi hawakujua wafurahi au waogope zaidi. Alasiri nakala ilikamilika. Felistas alijaribu kuiwasha tena kompyuta ya zamani, lakini haikuamka. Ilikuwa imekufa. Sasa picha zote za vifua vya watu wa Matongo zilikuwa mahali pamoja tu, ndani ya diski nyeusi.

Felistas alipaswa kurudi mjini kuchukua kompyuta mpya. Hakutaka kusafiri na diski ile, kwa sababu barabarani kulikuwa na waporaji waliodhani kila begi linalotoka machimboni lina dhahabu. Aliiacha chumbani ikiwa imeunganishwa na laptopu yake, ambayo ilikuwa bado inakagua nakala. Alimwomba Tabitha aizime ikimaliza, kisha afunge mlango na ufunguo ampe Mzee Matiko, mlinzi wa kituo. Alisema angerudi Jumatatu. Daktari naye akaondoka.

Nyangi alibaki na mama yake aliyekuwa akipiga deki ukumbini. Mlango wa chumba cha eksirei ulikuwa wazi. Mzee Matiko alikuwa nje kabisa, akimsaidia mama mmoja mjamzito kushuka kwenye bodaboda na kumweleza kwamba daktari ameshaondoka.

Nyangi alikuwa na wazo lililomsumbua tangu asubuhi. Shuleni kwao kulikuwa na kompyuta moja ofisini kwa mwalimu, nayo ilikataa kuwaka. Siku moja alimwambia rafiki yake Christina kwamba angeweza kuifufua, na Christina akacheka mpaka wenzake wakageuka. Sasa alikuwa ameona kwa macho yake jinsi flashi ya kuwashia inavyotengenezwa. Alikuwa na flashi yake ya bluu mfukoni. Alijiambia kuwa haitachukua muda, na hakuna kitakachoharibika.

Aliingia. Laptopu ilikuwa imemaliza kukagua, na kioo kilionyesha kwamba nakala iko sawa. Alichomeka flashi yake, akafungua ile programu. Orodha ikatokea, ina majina mawili yaliyoanza kwa herufi zinazofanana. Hapo akasikia ndoo ya mama ikiburutwa kuelekea mlangoni. Alibonyeza jina la juu. Maandishi mekundu yakatokea yakimwuliza kama ana hakika, naye akabonyeza tena bila kuyasoma.

Alitazama flashi yake ili aone taa yake ikimetameta. Haikumetameta. Taa iliyokuwa ikiwaka na kuzima kwa haraka ilikuwa ya diski nyeusi.

Kwa muda Nyangi hakuelewa anachokiona. Kisha akaelewa. Alishika waya wa diski akauchomoa kwa nguvu. Taa ikazima. Alipourudisha waya, alikuta diski ina jina jipya na ndani yake mna mafaili machache madogo asiyoyajua. Lile faili kubwa halikuwepo.

Alichomoa tena. Alizima laptopu, akaiweka diski juu yake vizuri kama Felistas alivyozoea kuiweka, akatoka. Mama alimwuliza kama laptopu imemaliza kazi yake.

"Imemaliza, mama," Nyangi alisema. "Nimeizima. Kila kitu kiko salama."

Tabitha alimshukuru, akafunga mlango, akampa Mzee Matiko ufunguo.

Jumapili Nyangi alikwenda kanisani na familia yake. Mchungaji alimshukuru Mungu kwa ajili ya fundi aliyeziokoa picha za wagonjwa, na watu wote wakaitikia amina. Nyangi alifungua kinywa lakini sauti haikutoka. Alijaribu kujiambia kwamba huenda alitazama vibaya, kwamba Felistas ana nakala nyingine, kwamba fundi mkubwa kama yule hawezi kushindwa. Halafu alikumbuka kompyuta ya zamani ilivyokataa kuamka.

Mchana Mjomba Waitara alikuja kula nao. Alichekesha watoto wadogo, akasifu ugali wa dada yake, na kusema kwamba kesho daktari ataziweka picha zake mbili pamoja, na yeye anajua zitaonyesha amepona. Katikati ya maneno yake kikohozi kilimshika. Aligeukia ukutani, akaweka leso mdomoni, kisha akaikunja haraka na kuitia mfukoni. Nyangi alikuwa amekaa upande ule. Aliona damu kwenye leso.

Alitaka kusema pale pale. Maneno yalifika kooni. Lakini aliona uso wa mama yake, akafikiria kwamba mama atafukuzwa kazi kwa ajili yake, na akayameza. Aliomba ruhusa ya kwenda kuchota maji, na huko kisimani alikaa muda mrefu, ndoo ikiwa tupu.

Jumatatu darasani hakuandika kitu. Masomo yalipoisha miguu yake haikutaka kumpeleka kituoni, lakini kutokwenda kungeleta maswali. Alipokaribia aliona kundi la wachimbaji limesimama langoni, wengine bado wana tope magotini. Walikuwa wakisema kwa hasira kwamba picha za vifua vyao zimefutwa kwa makusudi, ili isijulikane ni wangapi wameharibiwa mapafu na vumbi. Mtu mmoja alisema mlinzi amelipwa. Mwingine akasema walinzi wa namna hiyo dawa yao inajulikana. Mbele yao, chini ya ukuta, Mzee Matiko alikuwa ameketishwa mavumbini, kofia yake mkononi, na mgambo wawili wamesimama kando yake. Mzee yule wa mvi alikuwa akirudia jambo lile lile kwa upole: kwamba ufunguo haukutoka mkononi mwake, na kwamba hakuna mtu aliyeingia. Hakuna aliyemsikiliza.

Nyangi alipita karibu naye, akamwamkia akitazama chini. Mzee Matiko alimwitikia salamu kama siku zote. Jambo hilo lilimwumiza kuliko kama angemtukana.

Ndani, Daktari Olima alikuwa akitembea huku na huko. Tabitha alisimama mlangoni akilia bila sauti. Felistas alikuwa ameketi mbele ya kompyuta mpya aliyoileta, diski nyeusi mkononi, uso wake umebadilika rangi. Alikuwa akimwambia daktari kwamba yule mzee aachwe. Alisema huenda kosa ni lake mwenyewe, huenda alichoka siku ile akabonyeza pasipostahili, kwa sababu diski ina alama za kuwa imegeuzwa kuwa diski ya kuwashia, na mlinzi asingejua kufanya jambo kama hilo.

"Limebaki jaribio moja tu," Felistas alisema. "Nitaisafisha diski hii kabisa, niirudishe kwenye kompyuta ya zamani, nione kama itakubali kuamka hata mara moja ninakili tena."

Daktari aliuliza kama kuna tumaini. Felistas alitikisa kichwa polepole. Akaiunganisha diski, akaanza kuandaa kuisafisha.

Nyangi aliona kidole cha Felistas kikielekea kwenye kitufe. Nje sauti za wachimbaji zilikuwa zikipanda, na mgambo mmoja alikuwa akimwamuru Mzee Matiko asimame waende. Nyangi aliogopa kiasi kwamba aliona ukuta unasogea. Aliogopa watu wa langoni, aliogopa daktari, zaidi ya wote alimwogopa mama yake. Lakini mbele ya macho yake aliiona leso ya mjomba.

"Anti, usibonyeze," alisema. "Ni mimi."

Tabitha aliweka mkono mdomoni, akaketi chini pale pale mlangoni. Daktari Olima alimgeukia Nyangi na kuanza kusema kwa ukali, lakini Felistas aliinua mkono kumwomba anyamaze. Alikuwa ameshatoa kidole chake kwenye kitufe. Akamwambia Nyangi aeleze alichofanya, kuanzia mwanzo, asiache hata kitu kimoja.

Nyangi alieleza yote. Alisema juu ya flashi yake, orodha yenye majina mawili, sauti ya ndoo, maandishi mekundu asiyoyasoma.

"Taa ya diski iliwaka muda gani kabla hujachomoa?" Felistas aliuliza.

"Kidogo tu, Anti. Nilipoiona nilichomoa hapo hapo."

"Baada ya hapo uliweka kitu chochote ndani yake? Faili lolote, wimbo wowote?"

"Hapana. Niliifungua kutazama, basi. Sikuigusa tena."

Felistas alifumba macho, akavuta pumzi ndefu. Kisha alimweleza daktari kwa maneno ambayo hata Nyangi aliyaelewa. Programu ile inapofuta diski kwa haraka, haikwangui kila sehemu. Inaondoa orodha ya vilivyomo, halafu inaandika mafaili yake madogo mwanzoni mwa diski. Mengine yote hubaki palepale, ila kompyuta haijui tena yako wapi. Yanaweza kutafutwa, mradi hakuna kingine kilichoandikwa juu yake. Angeisafisha diski kama alivyokusudia, kila kitu kingefutika kwa kweli, na hakuna fundi ambaye angeweza kukirudisha.

"Mimi mwenyewe ningezimaliza picha hizi," alisema, "kwa sababu sikujua kilichotokea, nikadhani diski imeandikwa upya yote."

Lakini alionya kwamba hana hakika. Diski ilikuwa mpya, ina mafaili machache tu ya Felistas, hivyo faili lile kubwa liliandikwa kipande kimoja bila kukatwakatwa, na hilo lilikuwa jema. Jambo la kuogopwa ni kama mwanzo wa faili ulikuwa mahali pale palipoandikwa upya. Alichukua diski nyingine tupu, akaifunga ile nyeusi isomwe tu isiandikwe, akaanzisha programu ya kutafuta.

Wakati mstari mdogo ulipoanza kutambaa kwenye kioo, Tabitha alisimama, akajifuta uso kwa kanga yake, akamshika binti yake mkono.

"Kuna mtu ameketi mavumbini kwa ajili yako," alisema. "Twende."

Kutoka chumba cha eksirei mpaka langoni si mbali, lakini Nyangi aliona kama njia haina mwisho. Wachimbaji walipomwona mama na mtoto wakija, walinyamaza. Nyangi alisimama mbele ya Mzee Matiko, na mbele ya wote wale akasema kwamba ni yeye aliyeingia chumbani mzee alipokuwa akimsaidia mgonjwa, ni yeye aliyeifuta diski kwa kukosea, na kwamba hakuna mtu aliyelipwa. Mchimbaji mmoja alimfokea. Mwingine alimshika mwenzake bega na kumwambia aache, huyu ni mtoto. Daktari Olima alikuja nyuma yao, akathibitisha, akawaomba mgambo wamwache mzee.

Mzee Matiko aliinuka taratibu akishika ukuta. Alikung'uta suruali yake, akavaa kofia.

"Umesema, na nimesikia," alimwambia Nyangi. "Lakini majirani zangu wamepita hapa wakaniona nimeketi kama mwizi. Hilo halifutiki haraka."

Nyangi alilia, na mzee hakumzuia kulia.

Walirudi ndani. Mstari kwenye kioo ulikuwa bado umbali mfupi kutoka mwanzo. Umeme ukakatika. Daktari alikimbia kuwasha jenereta, na Felistas alikaa gizani ameshika diski mbili kama mtu anayeshika mayai, mpaka taa ziliporudi akaanza upya. Mjomba Waitara alifika kutoka duarani. Aliambiwa kila kitu. Aliketi kwenye benchi akikohoa, na Nyangi alihesabu kila kikohozi kama adhabu yake.

Jua lilikuwa linazama Felistas alipoinama karibu na kioo. Programu ilikuwa imekuta mafaili ya mwanzo wa diski, yale aliyoyaweka yeye kabla ya kuja Matongo. Yalikuwa yameharibika. Humo mlikuwa na zana zake za kazi na picha za harusi ya dada yake aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya. Alijaribu kufungua picha moja. Ilitokea nusu ya uso wa bibi harusi, na chini yake rangi ya kijivu tupu. Aliitazama kwa muda, akaifunga, akaendelea. Baada ya mafaili yale lilifuata moja kubwa kuliko yote, na halikuwa na jeraha. Mafaili yake mwenyewe yalikuwa yamekaa mbele, yakapokea pigo.

Faili lilinakiliwa kwenye diski tupu. Felistas akalifungua ndani ya kompyuta mpya. Kwanza kulikuwa na dirisha jeusi. Halafu, ndani ya dirisha lile, kikatokea kioo cha kompyuta ya zamani kama kilivyokuwa siku zote, na programu ya eksirei mahali pake. Hapakuwa na ile sauti ya tik, tik. Kompyuta iliyokufa ilikuwa ikifanya kazi ndani ya kompyuta nyingine. Daktari Olima aliandika jina la Waitara, na picha mbili za kifua zikasimama pamoja.

Daktari alizitazama sana, kisha akamwita Waitara karibu. Madoa hayakupungua. Upande wa kulia yalikuwa yameongezeka. Dawa alizokuwa akimeza hazikuushinda ugonjwa wake, na ilibidi asafiri kesho yake kwenda hospitali kubwa akapimwe na kupewa nyingine. Daktari alisema wazi kwamba bila picha ile ya zamani angemwacha aendelee na dawa zile zile, na pengine asingeumaliza mwaka.

Mjomba Waitara alimgeukia Nyangi, akaweka mkono wake mkavu juu ya kichwa chake, akauacha hapo.

Miezi ilipita kabla Felistas hajarudi Matongo kukagua kazi yake. Waitara alikuwa amesharudi kutoka hospitalini, amekonda lakini halali tena akikohoa. Hakushuka duarani tena. Alikuwa akifuga kuku na kulima mihogo, na aliwashawishi wenzake wawe wanamwagia mawe maji kabla ya kuyapasua ili vumbi lipungue. Nyangi naye, kwa agizo la mama yake, alikuwa akifagia lango la kituo kila Jumamosi pamoja na Mzee Matiko. Mwanzoni mzee alimpa ufagio bila maneno. Siku hizi walizungumza.

Felistas alimkuta hapo, akamwita waketi kwenye benchi la mapokezi. Nyangi alimwomba msamaha tena kwa ajili ya picha za harusi.

"Zimepotea, na bado zinaniuma," Felistas alisema. "Sitakudanganya kwamba si kitu. Uligusa kisicho chako, ukabonyeza bila kusoma, na hayo ni makosa. Lakini kosa lile lilikwisha mara ulipochomoa waya. Kilichobaki kikituua ni ukimya wako. Wewe ulinyamaza kwa kuogopa, na sisi tukaendelea kufanya mambo kwa kutojua. Mzee Matiko alikaribia kufungwa, mimi nilikaribia kuzifuta zile picha moja kwa moja, na mjomba wako alikuwa anameza dawa isiyomsaidia. Siku nyingine ukikosea, sema mapema na useme yote, hata kama unatetemeka. Usisubiri mpaka uone kidole cha mtu kwenye kitufe."

Nyangi alisema ameelewa. Alitazama sakafu kidogo, kisha akainua uso.

"Anti, kuna jambo. Leo asubuhi nilipokuwa nikifuta meza ya kompyuta, maji yaliingia kwenye kibodi. Sijui kama imeharibika. Bado sijamwambia daktari."

Felistas alimtazama, akasimama, akachukua begi lake.

"Twende tukamwambie pamoja, nyathina," alisema kwa Kijaluo chake, akimwita mwanangu. "Halafu tukaikaushe."